Watakatifu wa Uzi wa Dhahabu: Sindano ya Flandria Katika Karne ya 15

Mdarizi wa miaka ya 1430 wa Flandria, eneo la Ubelgiji ya leo, alipotaka kuonyesha kivuli kwenye mkunjo wa vazi la mtakatifu, alitandaza dhahabu kwanza, kisha akaificha. Nyuzi za dhahabu alizilaza mbilimbili juu ya kitani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, zikaenda sambamba toka ukingo mmoja hadi mwingine, ziwe zinapita kwenye goti, kwenye mkono au kwenye kiti. Kisha alichukua sindano yenye uzi mwembamba wa hariri ya rangi, akazifunga nyuzi zile mshono kwa mshono zisisogee. Palipotakiwa giza, mishono aliibananisha mpaka dhahabu ikapotea chini ya buluu au nyekundu. Palipotakiwa mwanga, aliiachanisha, dhahabu ikachungulia. Na kwenye bega au paja lililoelekea nuru, aliacha mishono michache mno, dhahabu ikang'aa yenyewe.

Wafaransa waliuita ufundi huo or nué, yaani dhahabu iliyotiwa vivuli. Mhasibu wa leo angeuita ubadhirifu: kwa nini ulipie dhahabu ya sehemu ambayo hakuna jicho litakaloiona? Lakini hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Buluu iliyofunika dhahabu si sawa na buluu iliyofunika kitani kitupu. Mshumaa ukipita mbele yake, hata kivuli kizito hupata uhai, na umbo zima huonekana kama limepata nuru kutoka ndani ya kitambaa.

Dhahabu yenyewe haikuwa tupu. Bamba jembamba la fedha lilipakwa dhahabu, likakatwa vipande vyembamba kama ukucha uliokatwa, kisha vikazungushwa kwenye uzi wa hariri, mara nyingi wa manjano, ili penye mwanya pasionekane weupe. Kwa uzito, basi, kilichobebwa na vazi kilikuwa fedha zaidi kuliko dhahabu. Baada ya karne tano fedha hiyo imefifia na kuwa ya kijivu sehemu nyingi, na mtazamaji wa leo anaona kazi yenye giza kuliko aliyoiona padri aliyeivaa ikiwa mpya.

Dai la mhadhara huu ni moja: katika Flandria na nchi jirani zilizokuwa chini ya watawala wa Burgundy, sindano ilitangulia brashi. Siku hizi makumbusho humpa mchoraji Jan van Eyck ukuta mzima, na vazi lililodariziwa wakati wake huwekwa kwenye kabati la kioo lenye mwanga hafifu, watu wakapita haraka. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Orodha za mali za makanisa na majumba ya kitawala zilianza na vyombo vya dhahabu na vitambaa vya thamani. Picha zilizochorwa kwenye mbao hazikupewa uzito huo. Aliyetaka Mungu na majirani zake waone ukarimu wake aliagiza nguo.

Mazingira yaliruhusu. Ghent, Bruges, Brussels, Tournai na Mechelen ilikuwa miji ya nguo kwa vizazi kadhaa, na watu wake walijua uzi kama wavuvi wanavyojua maji. Meli na misafara ilileta Bruges hariri na mahameli kutoka Italia. Zamani sifa ya kudarizi watakatifu ilikuwa ya Uingereza; orodha ya hazina ya Papa ya mwaka 1295 ina zaidi ya vipande mia moja vya kazi ya Kiingereza. Baada ya tauni kuu ya katikati ya karne ya 14 sifa hiyo ilififia, na kufikia karne ya 15 maaskofu waliotafuta kazi bora waligeukia ng'ambo ya pili ya bahari nyembamba.

Kuielewa kazi hii kunahitaji kukumbuka kwamba ilivaliwa. Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kongo wanazifahamu nguo zake za msingi, maana zilifika na wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walisali wakiwa na kasula, vazi la juu la Misa, na stola za mapokeo hayo hayo. Lakini kuna jambo ambalo muumini aliyezoea Misa ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano huenda asilifikirie. Katika karne ya 15 padri alisali akiwa ameielekea altare, mgongo wake ukiwa kwa watu. Ndiyo maana picha kubwa ya kasula iko nyuma, mara nyingi ndani ya msalaba mpana uliopita katikati ya mgongo. Waumini waliokaa kanisani muda wote wa Misa walitazama mgongo wa mtu, na mdarizi alijua hivyo.

Joho la maandamano lilikuwa na hesabu nyingine. Likitandazwa mezani ni nusu duara; likivaliwa linakunjamana toka mabegani hadi miguuni. Mdarizi aliyepanga safu za watakatifu juu yake alilazimika kuwapinda kufuata mzingo wa nguo, ili mtu akilivaa wote wasimame wima, asiwepo aliyelala ubavu. Kingo mbili za mbele zilipata almaria pana, kila upande watakatifu watatu au wanne, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja chini ya kipaa chake chenye nguzo na nakshi. Mgongoni palining'inia kipande chenye umbo la ngao, mabaki ya kofia ya zamani isiyofunika tena kichwa, na hapo ndipo palipowekwa tukio kuu.

Watakatifu hao hawakuandikiwa majina kila mara. Walitambulikana kwa walichoshika, na waumini wasiojua kusoma waliwasoma vizuri tu. Petro ana funguo, Paulo upanga. Laurenti hubeba wavu wa chuma aliochomewa. Bartolomayo, kisu kilichomchuna ngozi. Barbara ana mnara, Margareta hutoka tumboni mwa joka, Apolonia huinua koleo lenye jino. Wanawake hao wameteswa vibaya sana, na bado husimama wametulia, nywele zimechanwa, kana kwamba koleo na joka ni vito tu vya kuvaa. Wadarizi wa Flandria hawakupenda damu. Walipenda kitambaa, na mtakatifu aliwapa nafasi ya kukionyesha: mikono mipana, ukingo wa manyoya, mshipi wa lulu.

Wawili kati ya waliopendwa sana walikuwa wa Aleksandria, nchini Misri: Apolonia huyo mwenye jino, na Katarina, binti msomi ambaye simulizi zinasema aliwashinda wanafalsafa wa kaisari kwa hoja kabla ya kuhukumiwa gurudumu la miba na hatimaye upanga. Misri haionekani popote katika picha zao. Katarina wa wadarizi ni binti wa ikulu ya Burgundy, mweupe, mwenye taji, amevaa mavazi ya gharama ambayo fundi aliyaona kwa macho yake siku za sherehe mjini.

Katarina huyo yuko katikati ya kazi kubwa kuliko zote zilizobaki. Tarehe 10 Januari 1430, mjini Bruges, Philippe wa Burgundy, aliyeitwa Mwema, alisherehekea ndoa yake na Isabella wa Ureno, na papo hapo akaanzisha Shirika la Ngozi ya Dhahabu, chama cha mashujaa wa tabaka la juu kilichowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria na Mtakatifu Andrea. Chama kilihitaji ibada, na ibada ilihitaji mavazi. Seti iliyotumika, ambayo ilitengenezwa kwa awamu kati ya mwaka 1425 na 1440 hivi, yaani huenda ilianza kabla ya chama chenyewe, ingalipo nzima: vitambaa viwili vya kupamba altare, kasula moja, dalmatika ya shemasi na vazi la shemasi mdogo, na majoho matatu.

Majoho hayo matatu yalibuniwa kama picha moja. Mgongoni mwa la kwanza ameketi Kristo. La pili, Maria. La tatu, Yohane Mbatizaji. Wavaaji watatu wakisimama pamoja, mpangilio ule wa kale wa Hukumu ya Mwisho unakamilika, Kristo katikati, Mama na Mbatizaji wakiombea wanadamu pande zote mbili. Ni mchoro unaotembea, unaoungana na kuachana kadiri mapadre wanavyosogea. Kila joho lina upana wa zaidi ya mita tatu likitandazwa, na eneo lake lote limegawanywa katika vyumba vya pembe sita vilivyobanana kama sega la nyuki. Kila chumba kina mtakatifu mmoja ameketi au amesimama mbele ya pazia. Mahameli nyekundu na lulu hupita kwenye mipaka.

Anayesogea karibu na mojawapo ya vyumba hivyo huona tofauti mbili za ushonaji. Nguo na pazia ni dhahabu iliyolazwa mlalo, ikafungwa kwa hariri. Uso ni kitu kingine kabisa: hauna dhahabu, umejazwa mishono midogo ya hariri iliyopasuliwa, sindano ikipenya katikati ya uzi wa mshono uliotangulia, na mishono hufuata mzunguko wa shavu, hushuka na pua, hujikunja kwenye kidevu. Kwa hatua mbili nyuma, uso huo una nyama na mifupa. Kwa karibu, ni msitu wa nyuzi za rangi ya waridi, maziwa na mchanga.

Kitambaa kimoja cha altare kina Utatu Mtakatifu katikati, Mungu Baba akimshika Mwana aliyekufa. Kingine kina Katarina akipokea pete ya uchumba wa kiroho kutoka kwa Mtoto Yesu. Pembeni wamepangwa manabii na mitume. Kasula ina Ubatizo wa Kristo nyuma na Kugeuka Sura mbele. Sura ya Baba na Mwana imekaribiana mno na ile iliyochorwa katika karakana ya Robert Campin wa Tournai, na mkono wa wachoraji wa kizazi cha Campin, van Eyck na Rogier van der Weyden unahisiwa katika seti nzima. Hesabu za mtawala za miaka ya 1430 zinamtaja mdarizi wake Thierry du Chastel, ambaye watafiti wanamhusisha na sehemu ya kazi. Wenzake wote walioinama kwenye fremu hawana majina.

Ni kweli kwamba mdarizi hakubuni umbo peke yake. Mchoraji alitoa kielelezo. Kilitobolewa matundu madogo kufuata mistari, unga wa mkaa ukapitishwa juu yake, kisha mistari ikaimarishwa kwa wino kwenye kitani. Lakini kusema mdarizi alijaza rangi tu ni kumdhulumu. Mchoraji alimpa mstari. Vivuli vilitoka kwenye uamuzi wa sindano, mshono huu uwe wapi na unaofuata uwe mbali kiasi gani, na uamuzi huo haukufutika kama rangi ya mafuta inavyofutika kwa kitambaa.

Wachoraji walijua thamani ya majirani zao wadarizi. Mjini Antwerp walikuwa katika chama kimoja cha mafundi, Chama cha Mtakatifu Luka cha mwaka 1382, pamoja na wafua dhahabu na mafundi vioo. Na walipotaka kuchora utukufu, walichora darizi. Katika picha ya Jan van Eyck ya Bikira na kasisi Joris van der Paele, iliyokamilika 1436 na iliyo Bruges hadi leo, Mtakatifu Donatian amesimama kushoto na joho la buluu na dhahabu, almaria yake imejaa watakatifu wadogo ndani ya vipaa vyao, kila mmoja na kivuli chake. Van Eyck hakutumia dhahabu halisi hapo. Aliiga mng'ao wa uzi kwa rangi ya mafuta, labda ili kuonyesha kwamba brashi nayo inaweza. Hugo van der Goes alifanya vivyo hivyo kwa Tommaso Portinari, wakala wa benki ya Medici mjini Bruges: malaika wa mbele kabisa kwenye picha ya altare aliyomchorea, ambayo leo iko katika jumba la Uffizi mjini Florence, amepiga magoti ndani ya joho zito ambalo ukingo wake umerudiarudia neno Sanctus.

Seti nyingine ya wakati huo ina ladha tofauti. Miaka ya 1430 hivi palidariziwa mfululizo wa matukio ya maisha ya Mtakatifu Martini, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 397. Zaidi ya vipande 30 vimebaki, vingi vikiwa duara zenye upana wa kama sentimita 17, vingine mistatili yenye tao juu. Hapa hakuna utulivu wa mashujaa wa Burgundy. Watu wanajazana, wanashangaa, wanageuza shingo. Nafasi ni ndogo na mdarizi ameitumia yote.

Martini alikuwa mtakatifu wa kufaa kwa mafundi wa nguo. Akiwa askari kijana kwenye lango la Amiens wakati wa baridi kali, alikutana na maskini aliye uchi, akakata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Usiku akamwona Kristo amevaa ile nusu. Kwa watu walioishi kwa kukata na kuunganisha kitambaa, huyo alikuwa mwenzao. Seti yenyewe iliishia kugawanywa kama joho la Martini: wauzaji na wakusanyaji wa kale waliisambaza, na sasa vipande viko Lyon, New York, Baltimore na kwingineko, na kila jumba lina sura chache za hadithi ambayo ilikusudiwa kusomwa mahali pamoja.

Mafundi nao walisambaa. Mwaka 1466 Florence ilianza kutengeneza mavazi ya kanisa la ubatizo la Mtakatifu Yohane, picha zikabuniwa na Antonio del Pollaiuolo. Kati ya wadarizi walioajiriwa alikuwemo Coppino wa Mechelen, aliyekuja na ufundi wa dhahabu yenye vivuli. Picha 27 za kazi hiyo zimehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu la kanisa kuu la Florence. Wapenzi wa sanaa ya Italia humsifu Pollaiuolo kwazo, na ni haki yake. Coppino angestahili sentensi mbili zaidi ya anazopata.

Mwishoni mwa karne soko lilibadilika. Antwerp iliuza almaria zilizokwisha kudariziwa, Petro, Andrea, Katarina na Barbara, tayari kwa kanisa lolote lenye fedha ya kati. Dhahabu yenye vivuli ikabaki kwenye nguo za mtakatifu peke yake, na mandhari ikajazwa kwa miraba ya nyuzi zilizolazwa haraka. Nyuso zikaanza kufanana. Wanunuzi wa Hispania, Ujerumani na Skandinavia hawakulalamika.

Dhahabu ile iliyoipa kazi hadhi ndiyo iliyoiponza. Tarehe 10 Agosti 1566, huko Steenvoorde, wafuasi wa mahubiri ya Kikalvini waliingia kanisani na kuvunja sanamu. Baada ya siku kumi ghasia zilifika kanisa kuu la Antwerp. Sanamu ya mti ilivunjwa kwa hasira. Vazi la dhahabu lilikuwa na faida juu ya hasira: ukilichoma, hariri na kitani huteketea, fedha na dhahabu hubaki. Moto huohuo uliwashwa tena majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa yalipoitwaa Flandria miaka ya 1790, safari hii kwa ajili ya hazina ya taifa.

Hata hivyo, lawama zote zisiwaendee wavunja sanamu. Makanisa yenyewe yaliharibu mengi kwa nia njema. Kasula pana ya karne ya 15 ilikunjwa mikononi padri alipoinua mikono. Wakati wa mtindo wa Baroko mikono ikaachwa wazi, na mikasi ikapita pembeni mwa nguo za zamani. Ndiyo maana kwenye makusanyo mengi kuna mitume waliokatwa bega, Barbara aliyepoteza nusu ya mnara, na watakatifu walioondolewa kwenye mahameli iliyochakaa na kushonewa kwenye hariri mpya yenye maua yasiyowahusu. Baadhi yao wamehamishwa mara mbili.

Kilichosalia kina adui wake wa ndani. Hariri nyeusi na ya kahawia ilitiwa rangi kwa msaada wa chuma, na chuma hula hariri polepole. Kwa hiyo mistari iliyozunguka macho, midomo na vidole ndiyo ya kwanza kuanguka. Palipokatika uzi panaonekana kitani, na juu yake wino wa mchoraji, mstari mwepesi wa mkono wa mtu wa karne ya 15 ambao haukukusudiwa kuonekana na yeyote tena. Kwa watafiti huo ni utajiri. Kwa vazi ni jeraha, na wahifadhi huishusha taa mpaka kiwango cha lux 50 ili kuchelewesha mengine.

Mavazi ya Ngozi ya Dhahabu yaliokolewa na kuhama. Philippe alikufa, mwanawe Charles akauawa vitani Nancy Januari 1477, mjukuu Maria akaolewa na ukoo wa Habsburg, na uongozi wa Shirika ukaenda na ndoa hiyo. Seti ilikaa Brussels mpaka Wafaransa walipokaribia. Hazina ikaondolewa, na mwaka 1797 ikafika Vienna. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, milki ya Habsburg ikiwa imesambaratika, Ubelgiji ilidai irudishiwe, ikitumia Mkataba wa Saint-Germain wa 1919, kwa hoja kwamba kazi ilitengenezwa katika miji yake na kwa kodi ya watu wake. Kamati ya wanasheria watatu ilisikiliza madai hayo na mwaka 1921 ikaamua kwamba hazina ibaki Austria. Hadi leo Kristo, Maria na Yohane wako Hofburg, katika hazina ya kifalme ya Vienna, majoho yao yametandazwa nyuma ya kioo bila mabega ya kuyabeba, na Wabelgiji wanaotaka kuyaona hupanda treni au ndege.